Betri ya boda ni ya nani? UZI 🧵

Kila mdahalo ukigusa boda za stima, upande mmoja unasema "acheni soko liamue", mwingine unasema "serikali ilazimishe betri moja kwa wote". Makofi, kelele, basi. Wanabishania nini hasa? Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama.

Nianzie stage yetu hapa Kisaju. Kuna jamaa ana boda ya stima. Pikipiki ni yake, ananunua kwa mkopo, lakini betri ni ya kampuni. Chaji ikiisha hawezi kuichomeka nyumbani. Lazima aende kituo cha kampuni hiyo hiyo abadilishiwe, na cha karibu kiko Kitengela. Mteja wa Isinya akitokea, yeye anapiga hesabu kwanza. Akimaliza hesabu, wa petroli ashaondoka na mteja.

Huo ndio muundo uliofungwa: mwenye kutengeneza anaamua utachaji wapi, nani atarekebisha na kipuri gani kitakubali. Muundo wazi ni kama petroli na Probox. Petroli ya kituo chochote inaingia tangi lolote, na Probox fundi yeyote anaifungua.

Lakini msikimbilie kusema kufunga ni wizi. Betri ndiyo kitu ghali kwenye hizi pikipiki. Kampuni ikibaki nayo, bei ya pikipiki inashuka na betri ikichoka hasara ni yao. Halafu betri ya lithiamu na chaja isiyoifaa zinaweza kuleta moto. Hiyo hoja ni ya kweli kabisa.

Ila si lazima iwe hivyo. Roam, kampuni ya hapa Nairobi, inauza Roam Air, ambayo betri yake unaitoa na kuichaji kwa soketi ya kawaida. Kwa hivyo kufunga ni uamuzi wa biashara. Fizikia haijamlazimisha mtu.

Na hii sinema tushaiona. Mpaka 2014, wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Kutuma pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kukaja 2018, miaka 11 baada ya M-Pesa kuanza. M-Pesa haikufa, mnajua wenyewe. Lakini pia wapinzani hawakuikaribia. Mlango ulifunguliwa wakati karibu kila mtu ashakaa ndani.

Ndio maana kwangu swali kubwa ni LINI, kuliko wazi au kufungwa. Boda za stima bado ni chache ukilinganisha na za petroli. Japani, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki zilikubaliana 2021 kuhusu betri za kubadilishana, mapema, bila kusukumwa na sheria. Ulaya walingoja sana kwa chaja za simu, mwishowe sheria ikalazimisha USB-C kuanzia Desemba 2024. Hapa kwetu EPRA ilitoa mwongozo wa vituo vya kuchaji na kubadilisha betri 2023, kwa hivyo pa kuanzia papo.

Basi mgombea akija kwenu na "betri moja kwa wote", muulizeni: ni plagi tu au betri nzima? Nani atalipia zilizoko barabarani tayari? Na yule wa "soko liamue" muulizeni hili: kampuni ikifunga virago kesho, huyu jamaa wa Kisaju ataendelea kulipa mkopo wa pikipiki isiyo na betri?

Mimi hilo la mwisho bado sijasikia likijibiwa.