Kinachong'aa Ndani ya Pafyumu

Pafyumu zinazouzwa madukani na kwenye meza za barabarani mjini Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na vilevile Malaba na Tororo, hutofautiana kwa chapa na kwa bei, lakini ule uchangamfu unaompiga mtu puani kinyunyizio kinapobonyezwa hutokana kwa sehemu kubwa na viambato vilivyoundwa kiwandani. Si haki kuviona viambato hivyo kuwa vya kughushi, kwani vingine ni molekuli zilezile zilizomo katika maua na matunda.

Mfano wa karibu ni chungwa, ambalo hulimwa sana katika eneo la Teso, kaskazini mwa Tororo. Ganda lake linapominywa, matone yanayoruka hubeba limoneni, ambayo ni zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda hilo, pamoja na chembe ya dekanali, iliyo katika jamii ya kemikali ziitwazo aldehaidi. Zikizidi, aldehaidi za jamii hiyo hunuka kama mshumaa uliozimwa, ila zikitiwa kidogo huyachangamsha maua yaliyochanganywa nazo, na ndizo zilizoipa sifa Chanel No. 5, iliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921.

Kiambato kingine ni Hedione, kilichovumbuliwa na wanakemia wa kampuni ya Firmenich ya Uswisi walipokuwa wakichunguza harufu ya asumini, ua linalopendwa mno Pwani. Chenyewe kina harufu hafifu, lakini huyafanya manukato mengine yapumue, na Edmond Roudnitska alilidhihirisha hilo mwaka 1966 katika Eau Sauvage ya Dior. Kinachofahamika zaidi na pua za watu wa kawaida, ijapokuwa jina lake halitajwi, ni dihaidromirsenoli, chenye harufu ya ndimu na lavenda, ambacho hupatikana kutokana na tapentaini ya misonobari. Kilitawala Drakkar Noir ya mwaka 1982, kikaonekana tena katika Cool Water ya mwaka 1988, na kwa kuwa ni cha bei nafuu na hakiharibiki upesi ndani ya sabuni, kimeenea hadi kwenye sabuni za kufulia.

Uchangamfu huo una gharama yake. Molekuli nyepesi huvukiza kwanza, na limoneni na linalooli, kiambato cha lavenda, zikikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka kuwa kemikali zinazoweza kuwasha ngozi; kwa hiyo kichupa kilichoanikwa juani mezani, kifuniko kikiwa kimelegea, hupoteza uzuri wake na huenda kikamdhuru mtumiaji. Jambo zito zaidi linahusu Lilial, kiambato chenye harufu safi ya maua meupe, ambacho Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku katika vipodozi kuanzia Machi 2022 kwa sababu ya hatari yake kwa uzazi.

Mnunuzi wa mpakani na achague kichupa kilichowekwa kivulini, atafute alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, au ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, asome orodha ya viambato, na akikuta humo maneno Butylphenyl Methylpropional, ambayo ndiyo Lilial, akirudishe kichupa hicho kwa muuzaji.