Kabla hujalipia kiwanja, omba kwanza kuuona mchoro

Kiwanja kilikuwa hatua ishirini kwa ishirini, pembezoni mwa Dar es Salaam, na dalali alikuwa na haraka. Alituonyesha mimi na mume wangu miembe miwili ya kivuli, nguzo za umeme zilizofika jirani, na fomu ya mauziano yenye nafasi ya muhuri wa serikali ya mtaa. "Mnasubiri nini, mama? Kesho kuna mtu anakuja na hela taslimu."

Tulisubiri siku mbili. Mume wangu alikwenda halmashauri, idara ya mipango miji, akaomba aonyeshwe mchoro wa eneo lile. Afisa alitandaza karatasi mezani, akaweka kidole. Pale kwenye miembe yetu pameandikwa: shule ya msingi.

Sikufurahi. Nilishaanza kupanga jiko likae wapi, na kwa siku nzima nilimkasirikia afisa badala ya dalali.

Wazazi wengi tunaijua ofisi ile kwa alama ya X nyekundu ukutani tu. Kumbe kazi yake huanza mapema zaidi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazipa halmashauri za majiji, manispaa na miji mamlaka ya kupanga ardhi iliyo katika maeneo yao. Kuna mpango kabambe, unaoonyesha mji wote utakua kuelekea wapi. Chini yake kuna michoro ya kina inayosema hiki ni kiwanja cha makazi, hapa soko, hapa zahanati, hapa watoto wacheze mpira, hapa maji ya mvua yapite.

Dar es Salaam ilikuwa na mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979. Ule wa 1979 ulizeeka huku mji ukiendelea kusogea, na watu hawakusubiri. Walinunua kwa hatua, wakajenga. Ndiyo maana kuna mitaa ambayo mtoto akidegedega usiku, baba anambeba mgongoni hadi barabarani, kwa sababu gari haliwezi kuingia.

Linganisha na Sinza, iliyopimwa viwanja miaka ya 1970. Viwanja ni vidogo, lakini barabara zilichorwa kabla ya nyumba, na hadi leo gari linafika mlangoni. Ila Sinza ina somo lake jingine: nyumba za familia zimegeuka baa, na mtoto wa darasa la saba anasoma huku spika zinatetemesha dirisha. Kisheria, kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ya biashara kunahitaji kibali cha kubadili matumizi ya ardhi, na majirani wana nafasi ya kuweka pingamizi. Tatizo letu ni kwamba tunalalamika baada ya muziki kuanza.

Mabondeni hasara ni kubwa zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Sheria ya Mazingira ya 2004 ilikuwa tayari imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wakati wa kiangazi, mita 60 hizo huonekana kama kiwanja kizuri chenye bei nafuu.

Kwa hiyo ukienda ofisini, uliza wazi: eneo hili limepangwa? Mchoro unasema ni la matumizi gani? Limepimwa, na mawe ya mipaka yako wapi? Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mauziano yameshuhudiwa. Haubadilishi kiwanja cha shule kuwa cha kuishi. Na kabla ya kuchimba msingi, omba kibali cha ujenzi.

Kama tayari unaishi eneo lisilopangwa, kuna urasimishaji. Wakazi hukaa na wataalamu, nyumba zinachorwa zilivyo, na kila mmoja anaombwa kuachia kipande ili njia ipatikane. Hapo ndipo ugomvi huanza. Nimeona majirani wa miaka mingi wakinuniana kwa sababu ya futi tatu za ukuta. Mimi ningeziachia, nikikumbuka yule baba na mtoto mgongoni.

Kile kiwanja chenye miembe kilipata mnunuzi wiki ileile. Nikipita pale siku hizi naona nyumba imefika kwenye lenta, na mwembe mmoja umekatwa. Watoto wa mtaa ule wanavuka barabara kuu kila asubuhi kwenda shule ya upande wa pili. Kwenye mchoro, shule yao bado ipo palepale.