Panya wa maji: jina moja, wanyama mbalimbali

Mwenye shamba akisema "panya wa maji ananimalizia mpunga," na mvuvi akisema "panya wa maji amenasa ndani ya wavu," mara nyingi hawazungumzi mnyama mmoja. Kwa Kifaransa ni vilevile: rat d'eau inabeba zaidi ya mmoja.

Anayestahili hilo jina zaidi ni panya ambaye wataalamu wanamwita Colomys. Mgongo kahawia, tumbo jeupe kabisa, miguu ya nyuma mirefu. Usiku anasimama ndani ya kijito, mahali maji si mengi, anagusisha masharubu kwenye maji mpaka asikie kidudu kikitikisika, kisha anakirukia. Mpunga si shida yake. Wa kwanza kuandikwa na wataalamu, mwaka 1907, alitoka huku kwetu, upande wa Uele. Na mwaka 2020 aina ingine ya Kongo ilipewa jina Colomys lumumbai. Ndiyo, Lumumba yule yule.

Anayekata mpunga, miwa na mahindi karibu na maji, mara nyingi ni simbiliki, yule Watanzania wanamwita ndezi. Anajua kuogelea vizuri, anaweza kupita kilo 6, na nyama yake wengi wanaijua. Ni wa jamaa ya panya, lakini wa majani, si wa vidudu.

Wa tatu ndiye anadanganya watu. Potamogale ana mkia mpana uliobanwa pande mbili, anauzungusha kama samaki. Ndugu yake mdogo anaishi Rwenzori, Itombwe na vilima vya magharibi ya ziwa Kivu. Hawa si panya hata kidogo! Wanakula kaa, minyoo, vidudu na samaki wadogo. Wanapumua hewa, kwa hiyo mtego wa samaki ukikaa chini ya maji usiku mzima, mnyama akiingia anakufa bure.

Ukimkuta amekufa, fungua mdomo. Panya wa kweli ana meno makubwa ya mbele, mawili juu na mawili chini, halafu nafasi tupu. Asiye panya ana meno madogo makali yamejipanga.

Kazi ndogo, lakini inaokoa pesa. Sumu iliyochanganywa na unga wa mahindi, mla kaa hataigusa. Kuku wa jirani ndio wataila.