Seli ya Kongosho na Mtoto wa Kando ya Ziwa

Tokea Mombasa hadi Homa Bay na Migori ni safari ya kuvuka nchi nzima, lakini maradhi ya kisukari hayachagui pwani wala ziwa. Mama anayemwona mwanawe akinywa maji asikate kiu, akikojoa kila mara na kukonda ilhali anakula, huenda akadhani ni malaria au ni kijicho. Kumbe ni seli za kongosho zilizoacha kazi yake.

Seli hizo huitwa seli za beta, nazo ndizo zitengenezazo insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia mwilini kuwa nguvu. Mgonjwa wa kwanza alidungwa insulini mjini Toronto mwaka 1922. Kwa miaka sitini hivi ilitolewa katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe, jambo lililowatia Waislamu wengi mashaka. Mwaka 1982 ndipo ilipoidhinishwa insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa bakteria.

Hata hivyo insulini hutuliza, haiponyi. Wanaotafuta tiba huhitaji seli za beta za binadamu ili wazichunguze, nazo ni adimu: hutolewa kwa marehemu waliotoa viungo vyao, na maabarani hazidumu. Seli za panya nazo hazilingani kabisa na zetu. Mwaka 2011, Raphaël Scharfmann, Philippe Ravassard na wenzao wa Paris walitangaza nasaba ya seli iitwayo EndoC-βH1. Walichukua tishu ya kongosho la kijusi cha binadamu, wakaitia jeni za kuzifanya seli zizidi kuzaliana, wakaikuza ndani ya panya, kisha wakazilea seli hizo maabarani. Zikipewa sukari, hutoa insulini. Asili yake katika kijusi inazusha suala la maadili. Hatukupenda kulificha, na hukumu yake tunawaachia wanazuoni.

Je, seli za Paris zatosha kumweleza mtoto wa Homa Bay? Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti juu ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza wa Cameroon, Afrika Kusini na Uganda, jirani yetu wa ziwa lile lile. Takriban thuluthi mbili yao hawakuonekana na alama za kinga ya mwili kulishambulia kongosho, alama ambazo Ulaya huonekana kwa wagonjwa walio wengi. Huenda basi maradhi ya watoto wetu yana chanzo kingine, na hakitajulikana iwapo utafiti hautafanywa pia kwa watu wa kwetu, kwa ridhaa yao na kwa manufaa yao.

Hadi siku hiyo, tunawasihi wazazi: mtoto mwenye dalili hizo apimwe sukari siku ile ile, bila kungoja kesho. Na aliyekwisha kuandikiwa insulini asiachishwe sindano kwa ajili ya kombe wala miti shamba. Dua na dawa ziende pamoja.