Mshahara wa Serikali Ndio Soko la Nyeri

Muulize mwenye duka yeyote mjini Nyeri, naye atakwambia kwamba mwezi una majira mawili tu: mshahara na kungoja mshahara. Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi.

Kwa miaka mingi Nyeri ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, nayo Embu ya Mkoa wa Mashariki. Ofisi hizo zilileta makarani, madereva na matarishi, ambao walipanga nyumba, wakala hotelini na kununua viazi vya mkulima. Mwaka 2013 serikali za kaunti zilianza kazi, lakini miji hii ingali inautegemea mfuko ule ule wa umma.

Yafaa tukumbuke yaliyotokea katika miaka ya 1990, serikali ilipopunguza wafanyakazi kwa shinikizo la wafadhili. Mzigo uliwaangukia zaidi watumishi wa vyeo vya chini. Aliyerudi nyumbani hakurudi peke yake. Alirudi na karo ya watoto na deni la sukari dukani.

Leo kishawishi ni kile kile. Kanuni za fedha za mwaka 2015 zinataka mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato, na kaunti nyingi zimevuka kiwango hicho. Lakini kiongozi mpya anapowafuta vibarua wa mtangulizi wake kisha akawaajiri wake mwenyewe, hajapunguza gharama. Amebadilisha majina tu.

Hata hivyo, kulinda kazi si kumlinda mzembe, wala si kusema kwamba nafasi zote ni za watu wetu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziwaendee wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Nasi tuna wana wetu wanaotafuta riziki Mombasa na Kisumu.

Kwa hiyo, wafanyakazi hewa waondolewe kwanza kabla ya mfagiaji halisi kuguswa. Hazina ya Kitaifa nayo itume fedha za kaunti kwa wakati. Mshahara ukichelewa Nyeri, mama muuza kabeji wa Karatina ndiye hulala na mzigo wake, ilhali jina lake halimo katika orodha yoyote ya serikali.