Sindano ya Ng'ombe

Ni kitu gani kimfanyacho raia aiamini Serikali yake, au aitilie shaka hata pale inenapo kweli? Swali hili, wasikilizaji wetu, tusilijibu kwa maneno matupu. Na tulitazame jambo lililotukia Unguja mwaka wa 1951, ambalo wenyeji waliliita Vita vya Ng'ombe.

Kimeta ni maradhi mabaya. Humwua ng'ombe ghafula, humdhuru na mtu amchunaye au alaye nyama yake, na mbegu za maradhi hayo huweza kukaa udongoni miaka mingi. Kinga yake ipo, nayo ni sindano. Basi Serikali ya Waingereza ilipoamuru ng'ombe wadungwe, haikuamuru jambo baya. Lakini wenye ng'ombe wa Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege, walikataa katakata.

Wako wasemao upesi kwamba ule ulikuwa ujinga. Sisi hatukubali. Wakulima wale walikuwa wamekwisha kuona ardhi ikitwaliwa kwa ajili ya uwanja huo, na fidia waliiona haba. Tena walisimulia kwamba zamani ng'ombe walikufa baada ya kuogeshwa dawa kwa amri. Mkono uliotwaa shamba ndio ulioleta sindano. Wangalijuaje kwamba safari hii umeleta heri? Na shaka yao wangalimpelekea nani? Katika Baraza la Kutunga Sheria hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyechaguliwa kwa kura. Uchaguzi wa kwanza ulikuja mwaka wa 1957. Aliyewasikiliza alikuwa hakimu, nao wamekwisha kukamatwa.

Tarehe 30 Julai umati wa watu ulijaribu kuwaokoa wale waliohukumiwa kifungo. Polisi wakapiga risasi, na watu wakafa. Watu walikufa, twasema, kwa ajili ya dawa iliyokusudiwa kuokoa uhai.

Kwa maoni yetu, gharama isingalikuwa kubwa kuanza na ng'ombe wachache mbele ya wazee, kungoja siku kadhaa wote wakiona, na kuahidi kumlipa yeyote ambaye mnyama wake atakufa kwa sindano. Amri huenda mbio. Imani hutembea kwa miguu.

Baadaye wakulima wa Kiembe Samaki waliunda chama chao wenyewe. Mwaka wa 1955 chama hicho kikawa Hizbu, nacho kikadai uchaguzi.