Ada ya Kiwanja cha Kriketi: Je, Yalipa?

Leo twaendelea na hesabu za fedha za nyumbani. Kila mmoja awe na daftari na kalamu, na mwalimu wa darasa aandike tarakimu ubaoni kadiri nitakavyozitaja, kwani hesabu haishikiki kwa sikio peke yake.

Tuchukue mfano. Tuseme bwana mmoja wa hapa Konde amekwisha kuanika karafuu zake, amezipeleka kituoni, amelipwa. Ana kijana wake afanyaye kazi Dar es Salaam. Kijana anampigia simu: "Shikamoo baba. Huku nimeanza kucheza kriketi. Klabu yenye kiwanja inanitaka niwe mwanachama. Ada ni kubwa kidogo, naomba unisaidie." Baba anaitikia marahaba, anasema atafikiri. Fedha anazo, lakini bati za nyumba zimetoboka, na mdogo wake kijana huyo anangoja sare ya skuli. Je, alipe au asilipe?

Huenda wengine mkashangaa kusikia kwamba kiwanja chalipiwa. Sisi wa Pemba tumezoea michezo isiyo na mlango. Ukienda Wingwi kutazama mchezo wa ng'ombe, wasimama utakapo, na kazi yako ni kujua pa kukimbilia. Kandanda ya vijijini nayo, mwenye miguu huingia, mwenye macho hutazama. Kriketi ni mchezo wa namna nyingine, na yafaa kwanza tujue kwa nini kiwanja chake chataka fedha, maana huwezi kusema kitu ni ghali kabla hujajua kimetengenezwaje.

Kriketi huchezwa na watu 11 kila upande. Mmoja hurusha mpira, wa upande wa pili huupiga kwa kibao. Mpira wenyewe ni wa ngozi, mgumu, wakaribia ugumu wa dafu changa. Kabla ya kumfikia mpigaji, kwa kawaida hudunda chini mara moja. Basi hapo ndipo penye gharama. Ukidunda penye shimo au jiwe, waweza kuruka ukampiga mtu usoni. Kwa hiyo katikati ya kiwanja hutengenezwa ukanda wa mita 20 hivi, wa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa gogo zito la chuma, ukamwagiwa maji, ukakatwa majani, ukashindiliwa tena. Mahali pengine humwagwa saruji, na juu yake hutandikwa mkeka maalumu. Mvua ikija, ukanda wa udongo hufunikwa. Yupo mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, naye ataka mshahara mwezi hata mwezi, pawe na mchezo au pasiwe. Mshahara huo, maji hayo, na gogo hilo, ndivyo vinavyolipiwa na ada.

Klabu za namna hii zipo Afrika ya Mashariki tangu zamani. Wakati wa ukoloni nyingi ziligawanyika kwa rangi na kwa jamaa, Wazungu kwao, Wagoa kwao, Wahindi wa dini hii na dini ile kwao, na mtu kama baba yetu wa Konde asingeulizwa kama anaweza kulipa, kwa kuwa asingekaribishwa. Lakini viwanja walivyovitunza vilidumu. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kriketi lilipochezwa mara ya kwanza huko Uingereza, ilikwenda timu moja ya Afrika ya Mashariki iliyochanganya Wakenya, Waganda, Wazambia na Watanzania. Ilifungwa michezo yote mitatu, tusifiche. Tarehe 24 Februari 2003 mambo yalikuwa mengine: katika kiwanja cha Nairobi Gymkhana, ambacho ni cha klabu ya wanachama, Kenya iliifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53, na mwaka huo ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Na wale wenye jamaa Maskati waulizeni habari za Al Amerat, mahali ambapo Oman ilipokea michezo ya Kombe la Dunia mwaka 2021. Kwa hiyo kijana hakuokota upuuzi njiani. Mchezo ni wa kweli. Lililobaki ni fedha.

Sasa andikeni. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, msiende kuzidai popote.

Kwanza tutenganishe maneno. Watu husema "kiingilio" kwa vitu viwili, na hapo ndipo wengi hupotea. Kuna fedha ya kujiunga, ambayo hulipwa mara moja tu na hairudi. Kuna ada ya mwaka, ambayo hulipwa kila mwaka. Na kuna fedha ya mgeni, yaani asiye mwanachama, ambayo hulipwa siku ile tu anayocheza. Tuseme:

Fedha ya kujiunga: shilingi 100,000.
Ada ya mwaka: shilingi 120,000.
Fedha ya mgeni kwa siku: shilingi 8,000.

Mtu wa haraka atagawanya 120,000 kwa 8,000 apate 15. Atasema, "Akicheza siku 15 kwa mwaka, ada imerudi." Ameisahau ile 100,000. Mwaka wa kwanza kijana atatoa 220,000. Gawanyeni kwa 8,000. Mwapata 27 na nusu, na kwa kuwa hakuna nusu ya siku mlangoni, ni siku 28. Tofauti ya 15 na 28 si ndogo.

Lakini haitakuwa haki kuitwika fedha yote ya kujiunga mwaka mmoja, ikiwa kijana atakaa katika klabu miaka mingi. Tuseme atakaa miaka minne. 100,000 tukiigawanya kwa 4 ni 25,000. Jumlisha na ada, 145,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 8,000: siku 18 na kidogo, yaani 19. Na akihamishwa kazi baada ya miaka miwili? Basi kila mwaka hubeba 50,000, jumla 170,000, na siku zinazotakiwa ni 22. Mwaona kwamba swali la kwanza la kumwuliza kijana si "wapenda mchezo?" Swali ni "utakaa Dar es Salaam miaka mingapi?"

Swali la pili ni siku ngapi atacheza. Hapa sikilizeni vizuri, kwa maana mtu hupenda kuhesabu siku anazotamani, badala ya siku atakazokwenda. Kijana asema atacheza mara mbili kila mwezi. Mara mbili kwa miezi 12 ni 24. Ishirini na nne ni zaidi ya 19, twaonekana tumeshinda. Ngojeni. Mwezi wa Ramadhani hatashinda juani akikimbia kwa kiu: toa siku 2, zabaki 22. Masika ya Dar es Salaam, tuseme Aprili na Mei, kiwanja ni maji: toa 4, zabaki 18. Atakuja nyumbani, atapita Unguja, atashuka Mkoani, na hatatusamehe tukimwambia asije kwa sababu ya kriketi: toa 2. Zimebaki 16. (Miaka mingine Ramadhani huingia ndani ya masika. Mwaka kama huo msitoe siku zile zile mara mbili.)

Siku 16 kwa shilingi 8,000 ni 128,000. Akilipa kama mgeni, hiyo ndiyo gharama yake. Akilipa kama mwanachama wa miaka minne, ni 145,000 kwa mwaka. Uanachama utamtia hasara ya 17,000 kila mwaka. Si fedha ya kumfilisi mtu, lakini ni hasara, na baba hakuona alipoambiwa "mara mbili kila mwezi".

Geuzeni sasa. Kijana mwingine hucheza kila wiki, tuseme mara 4 kwa mwezi, jumla 48. Toa 4 za Ramadhani, toa 8 za masika, toa 2 za safari, zabaki 34. Mara 8,000 ni 272,000. Huyu akikataa kuwa mwanachama atapoteza 127,000 kwa mwaka. Kiwanja ni kile kile na ada ni ile ile, ila kwa mmoja ni ghali na kwa wa pili ni rahisi. Nauli ya daladala sikuitia hesabuni, kwa sababu mgeni na mwanachama hulipa sawasawa.

Yapo mambo mawili ambayo kugawanya hakuyafikii. La kwanza ni kura. Mwanachama wa klabu, kwa kawaida, ni mwenye mali kidogo: huenda mkutanoni, huuliza fedha zimekwenda wapi, huchagua viongozi. Ninyi mwajua jambo hili kwa Yanga, iliyoanza mwaka 1935, na Simba, iliyoanza mwaka 1936. Mwenye kadi hununua tiketi kama mwingine, lakini siku ya uchaguzi sauti anayo. Huko London ipo klabu ya MCC, ya tangu mwaka 1787, mwenye kiwanja cha Lord's. Watu hungoja zaidi ya miaka 20 wapate kuingia. Klabu hiyo iliwakataa wanawake zaidi ya miaka 200. Februari 1998 wanachama walipiga kura. Waliokubali walikuwa wengi lakini hawakufika theluthi mbili, ikashindikana. Septemba mwaka ule ule wakapiga tena, zikatimia, wanawake wakaruhusiwa. Mgeni aliyelipa mlangoni, hata angelipa kila siku, hakuwa na la kusema katika jambo lile. Kama kijana ana nia ya kuhudhuria mikutano, kura ina thamani. Kama hana, msiiwekee bei.

La pili ni timu. Klabu nyingi huchagua wachezaji wa mashindano miongoni mwa wanachama wao. Kijana akiwa mchezaji hodari, mgeni wa siku kwa siku huenda asipangwe kamwe, na hapo swali la siku 16 au 19 lakwisha: ama alipe ada, ama abaki kufanya mazoezi. Lakini hodari ni neno la mwalimu wa mchezo, wala si la kijana mwenyewe, wala la mama yake.

Na kabla ya kutia sahihi ipo karatasi ya masharti. Ninyi mlioanza na a-e-i-o-u katika darasa hili, hii ndiyo siku ya kuitumia kazi yenu. Zamani karatasi ingesomwa na mwingine, nawe ungetia dole gumba. Sasa mwambie kijana ailete, muisome pamoja neno kwa neno. Tafuteni ada inahesabiwa tangu lini. Ikiwa mwaka wa klabu huanza Januari naye ajiunga Oktoba, je, atalipa mwaka mzima kwa miezi mitatu? Tafuteni anayetaka kuacha aache vipi. Katika klabu nyingi kuacha kwenda si kuacha uanachama. Mpaka uandike barua, na usipoandika ada yaendelea kuhesabiwa deni, huku wewe wadhani umekwisha kutoka. Tafuteni kama vibao na vikinga miguu vyaazimwa bure au kila mtu hununua vyake, maana vifaa vya kriketi huweza kupita ada yenyewe. Na kila fedha itolewayo iwe na stakabadhi.

Mimi ningekuwa baba huyu, nisingepeleka 220,000 kwa sababu tu msimu ni mzuri na mfuko una sauti. Ada itarudi Januari, karafuu ziwe zimezaa au hazikuzaa. Ningempelekea kijana fedha ya mgeni ya miezi mitatu, nikamwambia anunue daftari dogo na kuandika tarehe ya kila siku aliyocheza. Miezi mitatu ikipita aniletee daftari. Siku 4 ndani yake, aendelee kuwa mgeni. Siku 10, bati zingoje kidogo, tulipe.

Kazi ya nyumbani. Klabu nyingine yataka fedha ya kujiunga 60,000, ada ya mwaka 90,000, na mgeni hulipa 5,000 kwa siku. Kijana atakaa miaka mitatu. Je, acheze siku ngapi kwa mwaka ili uanachama usimtie hasara? Mkipata 22, rudieni hesabu na kuzikumbuka Ramadhani na masika: apange kucheza mara ngapi kwa mwezi ili zibaki siku hizo 22? Wiki ijayo tutasoma fomu ya maombi ya uanachama, mstari kwa mstari.